Ukienda Gazi, Uliza Maji Kwanza

Mpenzi msomaji, kama likizo ya shule imekukuta jijini na watoto wameanza kukwea viti kwa kukosa la kufanya, fungasha virago mwende Gazi mkavue samaki. Lakini kabla hujatia mguu chomboni, soma kwanza yaliyotupata sisi. Ukicheka sitakulaumu. Mke wangu angali anacheka hadi leo.

Gazi ni kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Ukifika Mombasa kwa basi, au kwa gari-moshi la reli mpya lililoanza kubeba abiria mwaka 2017, vuka Likoni kwa feri. Mwenda kwa miguu halipi chochote. Ng'ambo ile panda matatu ya Ukunda, kisha nyingine iendayo Msambweni, umwambie utingo akushushe njia panda ya Gazi. Kutoka hapo utateremka chini ya minazi hadi usikie harufu ya chumvi.

Kijijini utaonyeshwa jumba la kale la Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Utaiona na mikoko, ambamo kina mama wamejengewa njia ya mbao ya kupitishia wageni. Tangu mwaka 2013, kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, wanakijiji hulipwa kwa kuitunza miti hiyo kwa kuwa inafyonza hewa ya ukaa, na fedha hizo zimesaidia maji na shule.

Sisi, hata hivyo, hatukufuata majumba wala mikoko. Tulifuata samaki.

Msafara ulikuwa wa watu wanne. Mimi, mwanangu wa miaka 10, rafiki yangu, karani wa Nairobi ambaye samaki pekee aliyewahi kupambana naye ni yule wa sahanini, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Shemeji alizaliwa Gazi, ila miaka 20 sasa ameketi Mombasa nyuma ya meza ya ofisi. "Bahari hii nimeinywa tangu utoto," alitutuliza.

Chombo tuliazimwa na mjomba wa mke wangu, mvuvi wa tangu ujana, mwenye ngalawa moja tu duniani. Jioni ile aliutazama mwezi, nao ulikuwa mpevu, duara kama sinia. Akatuambia, "Wanangu, kesho ni bamvua. Maji yatatoka mbio. Saa mbili muwe mmerudi pwani, nami niwahi kwenda kuopoa malema yangu kabla mafungu hayajaota."

"Bila shaka, Mjomba," tukajibu kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza.

Alfajiri nikanyakua mkebe wa chambo gizani, tukatoka. Rafiki yangu alikuwa na ufito mpya wa kuvulia, wenye gurudumu linalong'aa, ulioghari fedha nyingi mjini. Mjomba huvua kwa mshipi uliozungushwa kwenye kipande cha mti. Rafiki akasimama, akarusha mshipi wake kwa madaha. Lo! Ndoana ikanasa kofia ya Shemeji, kofia yake nzuri ya viua kutoka Lamu, ikaruka nayo, ikachomoka hewani, ikaangukia mbali baharini.

Shemeji hakuona tena samaki wala saa. Alishika kasia akaifukuza kofia ile kama mtu anayemfukuza mwizi, nayo ikawa inakwenda na maji, nasi nyuma yake, hadi katikati ya mafungu ya mchanga. Hapo ikazama.

"Basi tuvue papa hapa," akasema kwa huzuni. Nikafungua mkebe wa chambo. Ndani mlikuwa na mahamri.

Naam, msomaji, mahamri! Kumbe mikebe ilikuwa miwili, wa kamba wa chambo na wa mahamri ya chai ya nyumba nzima. Tukala mengine, mengine tukayafinyangafinyanga tukayatia kwenye ndoana. Samaki wa Gazi walitutazama kwa dharau. Hadi ghafla mwanangu akapiga ukelele, mshipi wake ukavutika, akatoa samaki mnene mwenye meno kama ya sungura. Kumweka chomboni tu, samaki akavimba, akavimba, akawa mpira kamili!

Tulicheka hadi ngalawa ikayumba. Rafiki akainama ampige picha, simu ikamponyoka ikaifuata kofia. Tukazidi kucheka. Mwanangu alimkumbatia samaki wake wa kwanza maishani, akamtia kapuni na kutangaza, "Mama atatupikia leo jioni!" Saa mbili ilikuwa imekwisha pita. Tukasema, "Kidogo tu." Kisha tukasikia kitu kikikwaruza chini yetu. Ngalawa ilikuwa imeketi mchangani.

Hapa yafaa nikueleze kidogo. Bamvua huja mara mbili kila mwezi, wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu, kwa sababu jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja. Siku hizo pwani yetu maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita. Siku za bamvua pwani yetu, maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano za asubuhi, kwa hiyo asiyewahi kurudi atangoja hadi mchana. Nasi tulisukuma kwa upondo, tukashuka, tukabeba, tukasali. Ngalawa haikusogea hata shubiri.

Nikaomba simu ya Shemeji, nikampigia Mjomba. "Shikamoo, Mjomba. Tumekwama."

"Marahaba. Najua," akajibu. "Nawaona. Tangu saa mbili nawaona."

Alikuja kwa miguu, polepole, akiburuta nyayo mchangani ndani ya maji ya magotini. Baadaye alimweleza mwanangu kwamba ndivyo wanavyotembea ili wasimkanyage taa aliyejifukia, maana taa akisikia mtikisiko huondoka, lakini ukimkanyaga hukuchoma kwa mwiba wa mkiani. Alipofika hakutukemea. Aliangalia kapuni, na uso wake ukabadilika.

"Nani angemla huyu?"

"Sisi sote, Babu," mwanangu akajibu kwa fahari. "Nimemvua mimi."

Mjomba akachutama mbele ya mtoto. "Huyu ni bunju, mjukuu wangu. Mla bunju halali akaamka." Naam, msomaji, tulicheka na mauti ndani ya kapu. Sumu ya bunju imo katika ini, mayai na ngozi, na hata nyama yake si ya kuaminiwa. Huwalegeza watu viungo hadi pumzi ikatike. Haiishi kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa, na dawa ya kuiondoa mwilini haijapatikana. Nilimtazama mwanangu, nikakumbuka kwamba ni mimi niliyekuwa nimemwahidi kumparuza samaki yule kwa mkono wangu. Magoti yalinilegea kabla sijala chochote.

Mtoto alilia. Mjomba akamngoja amalize, wakachimba shimo refu juu ya pwani, wakamzika bunju asije akaliwa na paka au mtoto mwingine.

Ndipo nilipouliza juu ya malema. "Leo siendi," akasema Mjomba. "Chombo kiko juu ya fungu." Sisi tulikuwa tumepoteza kofia, simu na asubuhi moja ya likizo, yeye alipoteza riziki ya siku. Nilipotia mkono mfukoni akaukataa. "Pesa zako haziwezi kuopoa malema. Kesho njooni mniopolee."

Shemeji akaachwa kulinda ngalawa hadi maji yarudi, juani, bila kofia. Sisi tukafika nyumbani tukapokewa na harufu tamu ya nazi. Mezani palikuwa na sinia lenye mikia mitupu ya kamba. "Mlipotuachia chambo bila mahamri," akasema mke wangu, "tulifanyaje? Tumekila na wali."

Kesho yake tulitoka na Mjomba, tukayavuta malema hadi viganja vikachubuka. Mlikuwa na tafi na pono, ila baadhi walikuwa wamekwisha kufa na kutafunwa na kaa, kwa ajili ya ile siku moja tuliyoichelewesha. Mjomba hakusema neno, nasi hatukuwa na la kusema. Kisha akampa mwanangu mshipi wake na kipande cha kamba halisi. Akavua changu mdogo kama kiganja. "Huyu ndiye wa kwanza," Mjomba akamwambia. "Yule wa jana hatumhesabu."

Basi, msomaji, nenda Gazi. Ila mwajiri mvuvi wa pale akuongoze, na umlipe vizuri, kwani mchezo wako ni kazi yake. Uliza maji kabla ya kuuliza samaki. Usile samaki ambaye wenyeji hawamli. Mwenyeji akikwambia saa mbili, ni saa mbili. Na kabla ya kutoka nyumbani alfajiri, tafadhali, fungua mkebe kwanza.