Ukuta wa Pemba Hauhitaji Bodi ya Toronto

Ndugu wanaojenga Wete na Chake Chake huniuliza: mbona siwatilii kwenye kontena zile bodi za saruji tunazopiga ukutani huku Kanada kabla ya kubandika tailizi? Wameziona kwenye video. Zinakatwa kwa kisu, zinafungwa kwa skrubu, na mchana mmoja bafu limekwisha kuvishwa. Nawajibu kuwa kontena lina nafasi ya vitu vya maana zaidi.

Bodi ile ni mtoto wa nyumba ya mbao. Nyumba nyingi za huku zinasimama kwa nguzo za mbao zilizopangwa kila inchi 16, na juu yake hupigwa jipsamu. Jipsamu ikinywa maji hulainika na kuota ukungu, kwa hiyo bafuni huondolewa, na mahali pake huwekwa bodi ya saruji yenye wavu wa nyuzi za kioo, unene wa nusu inchi. Skrubu zake ni zile zisizoshika kutu, moja kila inchi 8 hivi. Viungo vinaachiwa mwanya mdogo, vinajazwa gundi ya saruji na kufunikwa utepe wa wavu. Kisha ukuta mzima unapakwa utando wa majimaji ambao ukikauka unakuwa kama mpira. Hapa ndipo video nyingi zinaporuka. Bodi ya saruji haiozi, lakini maji inayapitisha. Ukiacha utando, mbao zilizo nyuma zitaoza huku tailizi bado zinang'aa.

Ukuta wa Pemba una asili nyingine. Ni tofali la saruji, na juu yake lipu. Lipu ikipigwa vizuri inafanya kazi yote ya bodi, tena imeshikana na ukuta bila skrubu hata moja. Kwetu kujenga kwa kitu kisichooza ni mambo ya kale: magofu ya Ras Mkumbuu ni mawe ya matumbawe na chokaa, yaliyosimamishwa karne nyingi kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufika kisiwani. Mwenye bangaloo ya mbao ufukweni, huyo bodi itamfaa. Wengine wote wanayo tayari.

Mbona basi tailizi zinabanduka? Anza na mchanga. Ukiwa na chumvi ya bahari, chumvi hiyo huvuta unyevu na kuchanua kama unga mweupe ukutani, na lipu ikaanza kumung'unyuka. Halafu kuna maji ya kumwagilia. Lipu inataka kulowanishwa kwa siku 7 hivi ili saruji ikomae, kisha iachwe ikauke wiki kadhaa. Ikipigwa leo na kubandikwa kesho, hujikunja na kupasuka ikiwa tayari chini ya tailizi.

Kuna pia mkono wa ubandikaji. Mafundi wengi wa nyumbani huweka donge la saruji katikati ya tailizi na kuikandamiza ukutani, pembe zikabaki na uwazi. Gonga kwa kifundo cha kidole utasikia mvumo. Huku gundi hutandazwa kwa mwiko wenye meno ili tailizi ishike mgongo mzima. Na ule mtindo wa kuroweka tailizi kwenye ndoo una akili yake: tailizi za udongo za zamani zingenyonya maji ya saruji kabla haijashika. Lakini tailizi za kaure zinazojaa madukani sasa hazinyonyi hata asilimia 0.5 ya uzito wake. Saruji tupu haina pa kujipenyeza, hivyo zinadai gundi maalumu.

Mafundi tunawalaumu sana, ila haraka nyingi inatoka kwetu tunaotuma pesa. Tunapiga simu ya video kila jioni tukitaka kuona rangi, si lipu. Harusi iko mwezi ujao, mgeni anashuka Mkoani kwa boti wiki ijayo, na fundi anayesema "ngoja ukuta ukauke" tunamwona mvivu. Siku za kungoja hazilipwi, kwa hiyo hazingojwi. Huku bafu pia husimama likisubiri utando ukauke, na mwenye nyumba haulizi, kwa sababu siku hiyo imo ndani ya bei tangu mwanzo.

Kwenye kontena, basi, tia mwiko wenye meno, pima maji ndefu na ndoo ya utando wa kupaka chini ya ukuta na sakafuni, pale maji ya kata yanapomwagika kila siku. Kwenye bajeti, andika posho ya mtu wa kumwagilia lipu asubuhi na jioni, na tarehe ya kubandika ambayo hata harusi haiiwahishi. Posho hiyo ni ndogo kuliko gharama ya kuvunja bafu na kulianza upya.