Cheo cha Karata na Mfuko wa Mchezaji

Kila mwaka ninapoanza kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza hesabu za uwezekano, huingia darasani na pakiti moja ya karata. Wapo wanaotabasamu na wapo wanaokunja uso, kwa kuwa katika jamii yetu karata ni jirani wa kamari, na kamari imebomoa nyumba nyingi. Huwaambia mapema kwamba sikuja kuwafundisha kucheza. Nimekuja kuwaonyesha sheria moja ambayo, kwa maoni yangu, ni ya haki kuliko nyingi zilizotungwa na binadamu, kisha niwaonyeshe mahali haki hiyo inapoishia.

Sheria yenyewe ni mpangilio wa vyeo katika mchezo wa poka. Pakiti ina karata 52, katika makundi manne ambayo Kiswahili kiliyapokea majina yake kutoka kwa Wareno: kopa, uru, shupaza na pau. Mchezaji hushika karata tano, nasi tuuite mshiko huo mkono. Mikono inayoweza kupatikana ni 2,598,960. Zaidi ya nusu yake, yaani 1,302,540, haina chochote cha kujivunia, nayo ndiyo ya chini kabisa. Juu yake ipo mikono yenye jozi moja, 1,098,240. Kisha jozi mbili, 123,552. Karata tatu zinazofanana, 54,912. Tano zinazofuatana kwa namba, 10,200. Tano za kundi moja, 5,108. Tatu zinazofanana pamoja na jozi, 3,744. Na nne zinazofanana, 624. Kileleni ipo mikono 40 tu, ile yenye karata zinazofuatana na ambazo zote ni za kundi moja.

Msomaji atakuwa ameona siri yake. Kilicho adimu hukishinda kilicho kingi, basi. Hakuna aliyependelewa, wala ukoo wa mtu hauulizwi. Hata mzungu wa nne, yule mfalme mwenye taji, akiwa peke yake hushindwa na jozi ya mbili-mbili. Na mpangilio huo hujulikana kwa wote kabla karata ya kwanza haijagawiwa. Ni serikali ngapi zinaweza kusema hivyo juu ya sheria zao za kodi?

Hata hivyo, sheria hii njema ina sharti moja ambalo wanafunzi wangu hulisahau. Vyeo vya karata hupimwa mwishoni, pale wachezaji wanapofunua walichoshika. Kabla ya hapo kuna kuweka dau, na kila dau linapopandishwa, asiyeweza kulifikia, pale pasipo na kanuni ya kumruhusu kubaki kwa kiasi alichonacho, huweka karata zake chini na kuondoka. Akishaondoka, hata kama ameshika nne zinazofanana, mkono wake hauna cheo chochote. Zaidi ya hayo, mchezaji akibaki peke yake mezani hachukui fedha tu: halazimiki hata kuonyesha alichokuwa nacho. Kwa hiyo, katika meza ya namna hiyo, mwenye jozi dhaifu na mfuko mnene anaweza kumfukuza mwenye mkono bora na mfuko mtupu, na hakuna kanuni iliyovunjwa.

Hapo ndipo ninapoikumbuka Nyahanga, kata ya Manispaa ya Kahama niliyokulia. Mpwa wangu anayeishi huko ni mchimbaji mdogo. Katika machimbo ya ukanda wetu, mawe yakitoka kwenye duara hugawanywa kwa mifuko: mwenye leseni fungu lake, mwenye duara lake, aliyegharimia chakula na mafuta lake, na wachimbaji lao. Nao ni mpangilio wa vyeo, na kila mmoja anaujua kabla ya kushuka chini. Siku moja mpwa wangu alipata mifuko sita kutoka kwenye mwamba ambao wenzake wote waliusifu. Wiki hiyohiyo mtoto wake alilazwa. Foleni ya karasha ilikuwa ya siku nne, na hospitali haikuwa ya kusubiri. Akamuuzia mfanyabiashara mmoja mifuko yote ikiwa mawe matupu, kwa bei aliyotajiwa.

“Mjomba,” aliniambia baadaye, “sijadhulumiwa. Nilikubali mwenyewe.” Ni kweli, na ndiyo maana maneno yake hayajanitoka. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini mawe yale yalisagwa na mtu mwingine, na kilichopatikana ndani yake mpwa wangu hajaambiwa hadi leo. Aliondoka mezani kabla ya kufunua.

Mtu asidhani kwamba haya huwapata wanyonge mmoja mmoja tu. Machi 2017 nchi nzima ilijikuta ikibishana juu ya mkono isiouona, pale makontena 277 ya makinikia yalipozuiwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Mruma na ile ya Profesa Osoro zikatoa hesabu zao, kampuni ikazikana, na mabishano yakaisha kwa makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020, Serikali ikipata hisa asilimia 16 katika kampuni ya Twiga. Kila mtu ataupima mkataba huo kwa namna yake. Mimi nauliza jambo dogo zaidi: kwa miaka yote iliyotangulia, nani aliyekuwa na uwezo wa kusema, “fungua tuone”?

Masoko ya madini yaliyoanzishwa mwaka 2019, Kahama ikiwamo, yalikuwa hatua ya kweli. Dhahabu hupimwa hadharani na bei elekezi hujulikana. Ila soko humsaidia aliyefika na dhahabu mkononi. Aliyelazimika kuuza mawe hakufika. Ndivyo ilivyo pia kwa mkulima wa mpunga wa Kahama anayeuza mazao yangali shambani kwa sababu ya ada ya shule, kisha miezi michache baadaye akanunua mchele dukani kwa bei ya juu. Naye alikuwa na karata nzuri.

Wanasiasa wetu hupenda kutuhakikishia kwamba kanuni ni sawa kwa wote. Nawaamini, na bado hawajajibu swali. Kanuni sawa humfaa anayeweza kusubiri. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ililielewa jambo hili: mkulima huweka mazao ghalani, hupewa hati, na hati hiyo inaweza kuwa dhamana ya mkopo wakati anangoja bei. Kwa nini mchimbaji mwenye mifuko sita asiwe na hati ya namna hiyo, mawe yake yakiwa yamepimwa sampuli na kufungiwa mahali salama? Na kwa nini ugonjwa wa mtoto uendelee kuwa dau linalomfukuza baba yake mezani, wakati bima ya afya kwa wote imezungumzwa miaka mingi?

Tukimaliza mjadala wa nani ana mkono bora, tuanze ule wa nani anaweza kubaki hadi mikono ifunuliwe.