Kona ya Koili

Baba yangu anasuka mota. Zinaletwa karakana kwake Morogoro kutoka kwenye mashine za kusaga, zimeungua, naye huzinusa kabla ya kuzifungua. Mimi niko Uingereza kwa shahada ya uzamili. Nasanifu mota ya kusukuma meli. Badala ya waya wa shaba, nasuka utepe wenye upana wa milimita 4, mwembamba kama karatasi. Ndani yake mna tabaka la supakondakta. Ukiutumbukiza kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, unapitisha zaidi ya ampea 100 bila ukinzani.

Faida yake ni uzito. Mwaka 2009 Jeshi la Majini la Marekani lilijaribu mota ya aina hii yenye megawati 36.5. Ilikuwa na tani kama 75. Ya kawaida yenye nguvu hiyo ingepita tani 200.

Lakini utepe huu haupendi kukunjwa. Nilipokuwa nasuka koili yangu ya kwanza, kwenye kona moja nilihisi kitu kikikatika chini ya kidole, kidogo sana. Nikaendelea.

Jumamosi moja ya Januari nilikuwa peke yangu maabara. Kifaa cha ulinzi, kile kinachokata umeme volti zikipanda hata kidogo, kilikata kila nilipofika ampea 60. Nikajiambia ni kelele za umeme za mitambo ya jirani. Nikapandisha kiwango cha kukatia. Kwenye ampea 90 nitrojeni ilichemka mahali pamoja, kwa fujo. Kwenye supakondakta za namna hii joto halisambai upesi. Sehemu moja inaungua huku nyingine zote zikiwa nzima. Nilipozima, utepe ulikuwa na kidonda kidogo kuliko punje ya mchele. Koili nzima ilikuwa imekufa.

Jioni nikampigia baba.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mbona sauti hiyo?”

Nikamweleza. Habari za nitrojeni hakuziulizia kabisa.

“Waya uliuumiza wakati unasuka?”

Nikanyamaza.

“Uliona?”

“Nilihisi tu.”

“Basi kile kifaa kilikuwa kinakwambia kweli. Mwenye mali anajua?”

“Bado.”

Akasema kuna mteja mlangoni, tutaongea kesho.

Jumatatu niliingia ofisini kwa msimamizi wangu na koili mkononi, nikaanzia pale kwenye kona.