Faili la index.dat

Enzi za Windows XP, mtu akishafuta historia yake kwenye Internet Explorer alidhani kamaliza kazi. Sisi tuliokuwa tukichunguza kompyuta tulikwenda moja kwa moja kwenye faili la index.dat, na mara nyingi anwani alizotembelea tulizikuta humo bado.

Diski tuliichomoa, tukaiunganisha kupitia kifaa kinachozuia chochote kuandikwa juu yake, tukatoa nakala ya biti kwa biti, kisha tukalinganisha namba za MD5. Zikilingana, diski inafungiwa kabatini na kazi inaanza kwenye nakala. Ndani ya folda ya Content.IE5 kulikuwa na folda ndogo zenye majina ya herufi na tarakimu nane zisizo na maana, zimejaa vipande vya kurasa na picha ambazo kivinjari kilijiwekea akiba.

Kesi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya dada mmoja wa mapokezi, ofisi moja ya Dar es Salaam. Alituhumiwa kufungua picha chafu Alhamisi saa 21:40, na ni kweli saa tatu na dakika arobaini usiku ule alikuwa ofisini akifunga mahesabu. Fundi wao alikuwa ameitoa saa hiyo kwenye index.dat. Lakini humo Windows huandika muda kwa kuhesabu vipindi vya nanosekunde 100 tangu Januari 1, 1601, kwa saa za UTC, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Picha ziliingia saa sita na dakika arobaini usiku, tayari Ijumaa. Daftari la mlinzi getini lilionyesha dada ameshatoka. Nilifurahi mno, sioni haya kusema.

Mwanasheria wao akaniuliza, "Kwa hiyo, kaka, alikuwa nani?"

"Diski inajua picha ziliingia lini," nikamwambia. "Aliyekaa kwenye kiti haimjui."

Ofisi nzima ilitumia akaunti moja, na neno la siri lilibandikwa chini ya kibodi.

Mwaka 2011 nilifuatilia kesi ya Casey Anthony kule Florida kwa uchungu. Mahakama ilielezwa kuwa ukurasa kuhusu klorofomu ulifunguliwa mara 84. Programu nyingine, ikisoma historia ileile ya Firefox, ilionyesha mara moja tu. Zile 84 zilikuwa ziara za MySpace. Mtu anashtakiwa kwa mauaji, na safu moja ya jedwali imesomwa vibaya! Tangu hapo sikukubali ripoti iliyotegemea programu moja. Tulisoma kwa mbili, na rekodi nzito tukazikagua baiti kwa baiti.

Dada wa mapokezi alirudi kazini. Aliomba nakala ya ripoti, akapewa kurasa zote, na kila mfanyakazi akafunguliwa akaunti yake.