Bastola ya Kutu: Thamani Yake Iko Wapi?

Katika desturi za kwetu Kivu, kitu alichoacha mzee hakigawanywi mpaka familia ikae kwanza na kusema kilitoka wapi. Mkuki, jembe, kiti, hata kikuku cha shaba, kila kimoja kina masimulizi yake. Napenda kueleza jinsi desturi hiyo ilivyotusaidia mwaka 2008 kupima thamani ya kitu kigeni: bastola ya kijeshi ya zamani.

Ndugu zangu waliichimbua kisiwani Idjwi, katika kiwanja cha babu mkubwa, walipokuwa wanachimba msingi wa jikoni. Baba mudogo akaileta Goma kwa boti, imefungwa ndani ya kitambaa. Kutu ilikuwa imeila mpaka vishimo. Kwanza tulikataza watoto wasiiguse, maana silaha iliyozikwa inaweza kuwa ingali na risasi ndani.

Mnunuzi wa vyuma alipoiona akasema, "Hii haina bei, njo chuma tu." Alitaka kuipima kwa kilo, na hata kilo moja haifiki. Mfanyabiashara mwingine akatuambia Wazungu wanatoa dola nyingi kwa vitu kama hivi. Hapo ndugu wakaanza kugombana. Wengine walishagawana dola ambazo hawajaziona.

Tukaiangalia vizuri. Kishikio chake cha mpira mgumu kutu haikukiweza. Juu yake kulikuwa na herufi FN na picha ndogo ya bastola yenyewe. Kumbe ni Browning ya 1900, iliyotengenezwa Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji. Kiwanda kilitoa karibu 700,000 za aina hiyo, kwa hiyo si kitu adimu. Wanaokusanya silaha za zamani wanatazama hali ya chuma, namba, na mkono ulioishika. Chuma yetu ilikuwa imekwisha, namba imeliwa. Kuisugua kwa mchanga kungefuta hata alama chache zilizobaki.

Lakini mkono unapita yote. Kiwanda hicho hicho kilitengeneza Browning ya 1910 yenye namba 19074, ambayo Gavrilo Princip alimuulia mrithi wa kiti cha Austria huko Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914. Iko katika makumbusho ya jeshi Vienna. Bila namba ile na historia ile, ingekuwa bastola kama zingine. Na vita iliyofuata ilifika mpaka ziwani kwetu: Septemba 1914 Wajerumani walikamata Idjwi. Mwaka 1916 Force Publique ikawafukuza, ikapita Rwanda, na Septemba ikaingia Tabora. Pamoja na askari walitembea wapagazi, zaidi ya 200,000 kwa jumla, na wengi hawakurudi.

Tukamwuliza koko, binti wa babu mkubwa, aliyekuwa na miaka zaidi ya 80. Akasema, "Baba alibeba mizigo ya muzungu mpaka Tabora. Mushahara hawakumupa. Njo hii alirudi nayo." Akashika bega lake, akatuonyesha mahali ambapo baba yake alikuwa na kovu la kamba.

Ugomvi ukaishia hapo. Nani angeuza mshahara wa marehemu kwa kilo? Lakini kuiweka nyumbani haikufaa pia. Sheria ya 1985 inataka ruhusa kwa kila silaha, na katika mji kama Goma, bastola hata iliyooza inaweza kuletea nyumba nzima kifo. Tulipiga picha, tukaandika maneno ya koko pamoja na majina ya wajukuu wote, kisha wazee wawili wakaipeleka kwa wakubwa wa serikali mbele ya mashahidi. Hatukupata hata franga moja.

Ndugu msomaji, ukifukua kitu cha wazee, usikisugue na usikimbilie sokoni. Mtafute kwanza mzee aliye hai umwulize, kwa sababu chuma inaweza kungoja miaka mia moja ardhini, lakini mzee hangoji. Koko alituacha mwaka uliofuata. Maneno yake tuko nayo.