Upande wa barabarani

Najua nimepotea. Test zilinibana, na bumu nalo mnajua lilivyochelewa. Leo nipo hapa Mabibo, mvua inanyesha, rumeti kalala, nikaona niwape habari ya nyumbani.

Jumapili Tata alinipigia. Kwanza akauliza nimekula nini. Halafu akauliza ada inadaiwa kiasi gani, maana mkopo nilipata nusu. Akakaa kimya kidogo, nikadhani salio limeisha. Kumbe anatafuta pa kuanzia. "Mwanangu, ule upande wa barabarani nimeshautoa. Kesho nenda kalipe."

Kwa ambao hamjafika, kwetu ni Kibeta, kata ya Manispaa ya Bukoba. Asubuhi watu wanateremka mjini kazini, bodaboda moja inabeba baba, mama na mtoto wa shule katikati, jioni wanapanda na mkate na samaki. Kwa hiyo kila mtu anataka kiwanja kwetu. Mji wenyewe mnausoma kwenye historia: Emin Pasha kaweka kituo cha Wajerumani pale ziwani mwaka 1890, Waingereza wakaja kuuvamia Juni 1915 wakaangusha mnara wa simu ya upepo, basi. Sisi wa huku hatumo. Huku ilikuwa migomba tu.

Sasa, si mnatuita nshomile? Basi kaeni niwafundishe. Kibanja kwa Mhaya si shamba. Humo kuna migomba, chini yake mibuni, chini ya mibuni maharage, na juu ya udongo nyasi zimetandazwa. Nyasi zinakatwa rweya, kule uwandani, zinabebwa kichwani. Mvua ya Bukoba inaosha rutuba yote, kwa hiyo ule udongo mweusi mnaouona chini ya migomba haukujileta. Ni nyasi, samadi, majivu na maganda ya ndizi, miaka na miaka. Na wafu wetu tunawazika humo humo. Babu yuko hatua chache tu kutoka jikoni. Tetemeko la 10 Septemba 2016 lilipopasua nyumba, tulitoka tukalala migombani, na nakumbuka mimi mtoto sikuogopa kaburi hata kidogo, niliogopa nyumba.

Upande wa barabarani hauna kaburi. Ila una mibuni ya bibi, ile aliyokuwa akivuna mwenyewe na hela yake haiulizwi na mtu. Nikamuuliza Tata, bibi anasemaje? Akasema, "Ada ni ya lini, mwanangu?" Nikajua mazungumzo yameisha.

Nimelipa. Risiti ninayo hapa, nimeikunja ndani ya kitabu cha takwimu.

Mnunuzi simlaumu. Ni mtumishi, anafanya kazi mjini, naye anataka pa kulaza watoto wake. Na mimi ni nani wa kulaumu? Kila asubuhi nasimama kwenye daladala kwenda Mlimani, jioni narudi kulala Mabibo, mahali panapoitwa jina la matunda ya mkorosho na mkorosho wenyewe sijawahi kuuona. Kuna familia ilikuwa inaokota hayo mabibo. Sijui walisomesha nani.

Jana nikampigia mdogo wangu, yeye hafichi. Akaniambia matofali yameshashushwa, yamepangwa kando ya njia, na fundi ameweka kamba za msingi. Mibuni bado imesimama. Bibi kila asubuhi anachukua jembe lake dogo anavuka kamba, anapalilia hadi jua likali, anarudi. Tata hajamwambia kitu. Mwenye kiwanja alipita juzi kabla ya kazi, akamkuta, akamwamkia, akawasha pikipiki akateremka mjini.

Natafuta nauli niende likizo. Wanaotaka senene waseme mapema, kopo moja kila mtu, na hela mbele, safari hii sikopeshi.