Ufunguo wa Roboti la Bati

Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alihama Mombasa akafungua duka la vitambaa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Miongoni mwa vitu alivyokuja navyo ni roboti la bati lililotengenezwa Japani. Ukilitia ufunguo, kamani iliyo kifuani hukazika, kisha hulegea polepole na kuyazungusha meno yanayoisogeza miguu. Sisi watoto tulilingoja kila Ijumaa baada ya alasiri.

Ukubwani nilisoma kwamba mwaka 1206 al-Jazari alikwisha kuandika kitabu chake cha mitambo, chenye mashua ya wapiga ngoma wasio na roho. Na kwamba mwaka 1945 fundi mmoja wa Japani, nchi yake ikiwa magofu, aliunda magari ya kuchezea kwa makopo yaliyotupwa.

Mwaka jana mgeni aliyeteremka mlimani aliliona rafuni kwangu. Akaligeuza, akatafuta kutu asiione, akauliza kama kasha lake lipo. Lilikuwepo. Akanitajia shilingi 30,000, nami karo ya binti yangu ilipungua kiasi hicho hicho.

Nikajiambia: ni langu, baba alinipa. Usiku usingizi ukanipaa. Hiba haitimii mpaka ikabidhiwe, na baba aliniachia roboti nilichezee, lakini ufunguo ulikaa mfukoni mwa kanzu yake hadi alipofariki. Kumbe miaka yote nimeweka mirathi rafuni! Mama alikwisha kutangulia, tumebaki wawili: mafungu mawili ni ya kaka yangu, moja langu.

Nikampigia simu Mombasa kwa haya, kwani tulipogawana mali sikulitaja. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Uza, mdogo wangu. Nitumie haki yangu."

Nilimtumia shilingi 20,000. Sikuficha kwamba moyo uliniuma. Siku ya tatu akanirudishia 10,000 na ujumbe mfupi: "Hii ni hiba kwa binti yetu, na nimekwisha kukabidhi." Zilizosalia nilizitafuta kwa jasho langu, nikazipata.

Dada zangu, tufungueni makabati yetu. Huenda mna saa, bangili au redio ya marehemu tuliyoizoea hata tukaidhani yetu. Tuulizane mapema, wenye haki wangali hai.